Boti nyembamba, mbwa na mifereji ya Uingereza: mwongozo kamili wa safari

Kasi ya juu inayoruhusiwa kwenye mifereji mingi ya Uingereza ni maili 4 kwa saa, yaani kama kilomita 6.4. Kwa kawaida utakwenda chini ya hapo, maana kila ukipita boti zilizofungwa kando unatakiwa kupunguza mwendo zisitikisike. Ni mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka, na mbwa anaumudu hata akisimama kunusa kila kichaka. Akichoka anapanda, akichangamka anashuka na kutembea kandokando ya mfereji, nanyi mnakwenda sambamba.

Watu wengi hupanga safari hizi kwa kutazama ramani kwanza, halafu wanamtafutia mbwa nafasi katika mpango ambao tayari umekamilika. Mimi nashauri kinyume. Mbwa ndiye aamue mkodi boti ya aina gani, msafiri saa ngapi kwa siku na mlale wapi. Mambo mengine yote utayapanga kufuata hayo.

Jua kwanza unaingia wapi

Mifereji hii ilichimbwa kwa ajili ya mizigo. Mfereji wa Bridgewater ulifunguliwa mwaka 1761 kupeleka makaa ya mawe Manchester kutoka machimbo ya Worsley, na mhandisi wake James Brindley akaendelea kubuni mingine katikati ya nchi. Huko loki nyingi zilijengwa kwa upana wa futi 7 tu, kama mita 2.13. Loki ni chumba cha mawe au matofali chenye malango mbele na nyuma: maji yakiingizwa boti inapanda, yakitolewa inashuka. Ndiyo maana boti zenyewe ni nyembamba, upana wa mita 2.08 hivi, na urefu unaoweza kufika mita 21 na ushei. Za leo nyingi ni za chuma, zina vitanda, choo, bafu, jiko la gesi la kupikia na jiko la makaa la kuotea moto.

Sehemu kubwa ya mtandao huo, kama maili 2,000 za Uingereza na Wales, inasimamiwa na Canal & River Trust, shirika la hisani lililoanza kazi mwaka 2012. Fungua tovuti yao kabla ya kuondoka, na kila jioni mkiwa njiani, kwa sababu ndiko wanakotangaza loki zilizofungwa. Matengenezo makubwa hufanyika kati ya Novemba na Machi. Kiangazi nacho kina yake: mwaka 2025 ukame ulifunga mifereji kadhaa ya kaskazini kwa muda mrefu.

Kwa anayeanza na mbwa, chaguo langu ni sehemu ya kusini ya Mfereji wa Oxford, kutoka Braunston kwenda Banbury. Loki zake ni nyembamba na malango yake hayahitaji watu wanne kuyasukuma. Ukishapanda ngazi ya loki 9 za Napton unapata maili nyingi bila loki hata moja hadi Claydon. Brindley alifuata umbo la vilima badala ya kuvikata, hivyo mfereji unajipinda kiasi kwamba kilima cha Napton chenye kinu cha upepo utakiona mbele, baadaye ubavuni, kisha nyuma, halafu tena ubavuni. Hapo ndipo mbwa anapotembea kwa raha zake. Ukiteremka Claydon unafika Cropredy, kijiji ambacho daraja lake lilipiganiwa mwaka 1644 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mbele yake ni Banbury kwenye maduka na madaktari wa wanyama.

Jambo moja la kukumbuka kwenye ramani: boti ya mita 17 haigeuki popote. Kuna sehemu maalumu zilizopanuliwa kwa ajili ya kugeuzia, na zimeonyeshwa. Kama mnarudi mlikotoka, zitie alama kabla ya kuondoka.

Chagua boti kwa kumfikiria mbwa

Huhitaji leseni ya udereva wa boti ili kukodi. Kampuni itakufundisha siku ya kuchukua boti, kisha mtaondoka wenyewe. Kampuni nyingi zinakubali mbwa, lakini idadi na ada hutofautiana, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Uliza pia mambo ambayo hayamo kwenye picha zao: ngazi za kuingilia ndani zina mwinuko gani, zina migongo iliyofungwa au zimeachwa wazi, na mlango wa mbele una kizuizi? Mbwa mzee au mwenye miguu mifupi kama dachshund hatazipanda ngazi hizo peke yake, na wewe ndiye utakayembeba mara kumi kwa siku.

Kinachotofautisha boti hizi kwa mwenye mbwa ni upande wa nyuma, anaposimama nahodha. Kuna aina tatu. Ya kwanza ina jukwaa dogo kabisa, nahodha anasimama mlangoni. Mbwa hana nafasi hapo, atakaa ndani. Ya pili ina jukwaa pana lililo wazi lenye reli tu, watu wanne wanaweza kusimama wakipiga soga. Inapendeza, lakini chini ya reli kuna uwazi wa kupitisha mbwa mzima. Ya tatu ina jukwaa lenye kuta fupi za chuma pande zote mbili. Chukua hii ya tatu ukiipata. Mbwa analala miguuni pako, anaona, ananusa upepo, na ukuta unamzuia.

Wanaonunua boti wana mambo zaidi: leseni ya boti, bima, na cheti cha usalama kinachofanywa upya kila baada ya miaka 4. Asiyekuwa na mahali pa kudumu pa kufunga boti anabanwa na sheria ya mwaka 1995 inayomtaka awe safarini kwa dhati, asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Kwa mwenye mbwa hiyo si adhabu, maana kila wiki mbili ana mtaa mpya wa kunusa.

Na kwa Waislamu wenzetu wanaoniuliza kuhusu udhu na mahali pa kuswali: boti ni nyembamba lakini ni ndefu. Watu hugawa. Mbwa anapewa upande wa nyuma na mlango wa katikati unafungwa, chumba cha mbele kinabaki safi kwa swala, na vyombo vya mbwa vinaoshwa kwenye beseni lake nje. Amueni hilo siku ya kwanza, kabla mbwa hajajichagulia kochi.

Karatasi, chipu na chanjo

Mbwa wote Uingereza wanatakiwa kuwa na chipu chini ya ngozi wakifika umri wa wiki 8. Sheria hiyo ilianza mwaka 2016. Akiwa mahali pa umma lazima pia avae kola yenye jina na anwani ya mwenye mbwa. Ongeza namba ya simu, hata kama sheria haikudai, kwa sababu anwani ya nyumba iliyoko London haimsaidii mtu aliyemwokota mbwa wako Fenny Compton, huko kando ya Mfereji wa Oxford.

Chanjo ya kuizingatia kuliko zote kwenye maji haya ni ya leptospirosisi, inayorudiwa kila mwaka. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa panya na kukaa majini na kwenye matope. Tanzania inaufahamu ugonjwa huu: mwaka 2022 ulizuka Lindi na ukapewa jina la Homa ya Mgunda. Unampata mtu pia. Basi ukiwa na kidonda mkononi kifunike, na nawa kwa sabuni kabla ya kula kila umalizapo kushika kamba zilizolowa.

Kama unamleta mbwa kutoka Tanzania au Kenya, anza maandalizi miezi mitano au sita kabla. Nchi hizo zinahitaji njia ndefu: chipu kwanza, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha kipimo cha damu kinachochukuliwa si chini ya siku 30 baada ya chanjo, halafu kungoja miezi 3 tangu damu ilipotolewa. Dawa ya tegu hutolewa na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika. Kwa ndege ataingia kama shehena, si miguuni pako kwenye kiti. Kuna pia aina za mbwa zilizopigwa marufuku, na XL Bully aliongezwa mwaka 2023, kwa hiyo hakikisha hilo kabla ya kutoa shilingi.

Vifaa: jaketi kwanza, mengine baadaye

Jaketi la kuelea la mbwa lenye mpini mgongoni. Sisemi hivyo kwa sababu mbwa hajui kuogelea. Kingo nyingi za mfereji zimezibwa kwa chuma kilichosimama wima, na mbwa aliye majini hana pa kukanyaga wala pa kushika. Ataogelea vizuri tu, aende na kurudi, mpaka achoke. Ule mpini ndio utakaomtoa. Ujaribu dukani: mnyanyue mbwa kwa mpini huo. Kama jaketi linapanda shingoni au anateleza kwa nyuma, ni kubwa au ni baya.

Chukua mkanda wa kifuani badala ya kumtegemea kwa kola, kamba mbili (moja fupi, moja ya mita 5 hivi), mkeka wa mpira wa kuweka nyuma chuma kinapokuwa cha moto, taulo nyingi kuliko unavyodhani, bakuli zito lisilopinduka, na kibano cha kung'olea kupe. Chakula cha kopo au kikavu ndicho rahisi. Friji za boti ni ndogo, na nyama mbichi ya siku tatu itakunyima nafasi ya maziwa.

Mzoeshe kwa awamu

Ukiwa na boti yako, fanya hivi kwa siku kadhaa. Ukiwa umekodi, fanya ndani ya saa ya kwanza kabla ya kufungua kamba.

Anza boti ikiwa imefungwa na injini imezimwa. Acha apande na kushuka kupitia mlango mmoja tu, uleule kila mara. Mpe chakula ndani, mwoneshe godoro lake.

Kisha washa injini bila kuondoka. Dizeli inatetemesha sakafu, na mbwa wengine huishangaa sakafu kuliko kelele. Kaa naye. Akilala, mmeshinda nusu.

Halafu mfundishe amri moja isiyo na mjadala: hashuki mpaka umemwambia. Mbwa wengi hawaanguki katikati ya safari bali wakati wa kutia gati, boti ikiwa nusu mita kutoka ukingoni na yeye amekwisha kuona nyasi. Mbwa wangu, Kashata, anaamriwa "kaa" boti ikianza kukaribia, na "haya" haitamkwi mpaka kamba ya katikati imezungushwa kwenye nguzo. Neno lenyewe si hoja, ila wote mlioko ndani mlitumie hilohilo. Mtoto mmoja akisema "twende" kwa furaha kabla ya wakati, kazi yote imeharibika.

Mfundishe na nyasi za uongo. Wakati wa joto kuna vijimea vidogo vya kijani vinavyofunika uso wa maji kutoka ukingo hadi ukingo, na mbwa mgeni anaona uwanja. Kashata alipoukuta mara ya kwanza alinyoosha mguu wa mbele taratibu, akaugusa, ukazama hadi kwenye kiwiko, akaurudisha na kunitazama kama kwamba nimemdanganya. Wengine hawagusi, wanaruka. Mahali pa namna hiyo tumia kamba fupi mpaka ameelewa.

Piga hesabu ya siku

Wasafiri wa mifereji wana kanuni ya zamani: jumlisha maili na idadi ya loki, gawanya kwa 3, utapata saa. Maili 9 na loki 9 ni saa 6. Inakaribia ukweli kwa watu waliozoea. Wageni waongeze kidogo.

Kwa mbwa, usizidishe saa 4 au 5 za injini kwa siku, na zigawe. Ratiba inayofaa ni hii: matembezi ya kweli kabla ya kuondoka, ya nusu saa au zaidi, saa mbili za safari, kusimama kwa chakula, saa mbili nyingine ambazo mtu mmoja na mbwa wanatembea angalau sehemu yake, kufunga boti saa kumi alasiri, kabla sehemu nzuri hazijajaa. Mbwa anayekaa ndani siku nzima na kutolewa jioni atakesha akisikiliza kila bata.

Zile maili zisizo na loki ni za mbwa. Penye loki nyingi, kama Napton, mbwa hubaki ndani au hukaa na mtu asiye na kazi nyingine. Watu wazima wawili wanaweza kuendesha boti na loki. Kwa kuendesha boti, loki na mbwa aliye huru mnahitaji watatu.

Loki: hapa soma polepole

Loki moja nyembamba hutumia zaidi ya lita 100,000 za maji kila inapojazwa. Boti yako ina tani zaidi ya 15. Nafasi kati ya boti na ukuta ni sentimita chache kila upande. Mbwa hana analolijua katika hayo yote.

Kanuni ni kwamba mbwa anaamuliwa mahali pake kabla boti haijaingia, na habadilishwi mpaka imetoka. Mahali penyewe ni pawili tu. Pa kwanza na bora ni ndani, milango yote imefungwa, hata kile kidirisha cha ubavuni. Pa pili ni nchi kavu, amefungwa kwa kamba fupi kwenye uzio au mti ulio mbali na maji. Usimfunge kwenye boriti ya lango, maana boriti hiyo inazunguka na ina nguvu ya kuvunja mguu. Usimfunge kwenye boti kwa hali yoyote: boti ikishuka, kamba itashuka nayo na kumvuta.

Kwa nini asikae juu ya paa au mbele, ambako picha zinatoka vizuri? Boti ikiwa inashuka, kuna wakati paa linakuwa sawa kabisa na ukingo wa loki. Mbwa aliye nchi kavu anaona sakafu moja, anavuka. Dakika moja baadaye paa liko mita moja chini, rangi imelowa, na bwana wake yuko juu. Atajaribu kuruka. Mbwa aliyeachwa huru kwenye boti naye, akiona watu wake wote wamebaki juu, ana wazo hilohilo.

Hatua za kupanda ni hizi. Mfungie mbwa. Hakikisha loki ni tupu, fungua malango ya chini, ingiza boti polepole. Funga malango nyuma yako. Nenda malango ya juu ukiwa na hendeli, ule mkono wa chuma uliopinda, uichomeke kwenye mtambo wa kizibo, yaani kibao kinachofungua na kuziba njia ya maji, na kuzungusha. Kama kuna vizibo vya ardhini, anza navyo, nusu kwanza, umtazame nahodha, ndipo umalize. Vile vilivyo kwenye lango lenyewe vingoje mpaka maji yamepanda, la sivyo yatamwagika moja kwa moja mbele ya boti, na kama ulimwacha mbwa pale mbele utajua kwa nini nimekukataza. Maji yakilingana, lango litafunguka kwa kusukumwa na mgongo. Kabla ya hapo kulisukuma ni kazi bure.

Kushuka kuna hatari moja ya ziada: kizingiti. Chini ya malango ya juu kuna ngazi ya zege au mawe inayotokeza ndani ya loki, haionekani loki ikijaa, na imewekewa alama nyeupe ukutani. Nyuma ya boti ikikaa juu yake maji yakishuka, boti inaning'inia na kuinamia mbele, na inaweza kuzama kwa dakika chache. Nahodha akae mbele ya alama na aendelee kuitazama. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutotaka mbwa aliye huru: nahodha aliyegeuka kumwita mbwa haangalii kizingiti.

Usiache hendeli kwenye mtambo bila kuishika. Kizibo kikiporomoka inazunguka na kuruka, na imewahi kuvunja watu meno. Mbwa anayekufuata kila mahali huwa amesimama palepale inapoangukia.

Mbwa asivuke juu ya malango. Ubao wa kuvukia umelowa na ni mwembamba, lakini akikuona wewe umevuka atafuata.

Likitokea lisilotakiwa na mbwa akaanguka ndani ya loki: piga kelele, funga vizibo vyote kwanza, nahodha aweke gia katikati na kuzima injini. Maji yakitulia ndipo mmwite kuelekea nyuma ya boti au kwenye ngazi ya chuma ya ukutani. Asishuke mtu majini vizibo vikiwa wazi.

Mahandaki na madaraja ya kuinua

Handaki la Braunston lina urefu wa mita 1,867, na la Blisworth kwenye Mfereji wa Grand Union linakaribia kilomita 2.8. Ndani ni giza, maji yanadondoka, mwangwi wa injini unarudi mara mbili, na boti nyingine inaweza kutokea mbele mkapishana. Mbwa ndani, taa za ndani ziwashwe asione giza la ghafla, redio ikiwezekana. Ukienda Banbury kutoka Braunston hupiti handaki lolote, jambo jingine linaloifaa njia hiyo.

Madaraja ya kuinua utayakuta zaidi ukivuka Banbury kwenda Oxford. Mengi huachwa wazi. Kwa yaliyofungwa, mtu mmoja hukaa kwenye daraja mpaka boti imemaliza kupita, hana mkono wa kushika mbwa.

Akianguka safarini

Weka gia katikati hapohapo. Usirudi nyuma! Mkono wako utataka kusimamisha boti kwa kurudi nyuma, na rafadha inayozunguka ndiyo inayoua. Zima injini.

Mwite kwa sauti ya kawaida kuelekea ukingo, si kuelekea boti, kwani mbwa wengi hugeuka kukifuata chombo. Kwenye mfereji wa kawaida maji hayazidi sana mita moja na nusu, lakini chini ni tope, kwa hiyo usikimbilie kuruka.

Kumtoa: piga magoti ukingoni, usiiname ukiwa umesimama, la sivyo mtakuwa wawili. Mkono mmoja ushike kitu imara, mwingine mpini wa jaketi. Mdidimize kidogo, umwache aibuke, na umvute wakati uleule anapoibuka. Maji yatakusaidia nusu ya uzito. Mwoshe kwa maji safi ya tangi, umkaushe, na umtazame siku zinazofuata: akikataa kula, akitapika au macho yakiwa manjano, mpeleke kwa daktari na umweleze kwamba ameingia mferejini.

Kila daraja lina namba yake kwenye kibao. Ukipiga simu ya dharura ya 999 au ukimwita daktari wa wanyama, taja jina la mfereji na namba ya daraja. "Tuko kwenye mfereji karibu na ng'ombe" haimfikishi mtu popote.

Adabu za njia ya kando

Waendesha baiskeli hupita kwa kasi, na chini ya madaraja njia inapinda na kubana. Kamba fupi hapo. Wavuvi wa ndoano hukaa na fimbo ndefu zilizolazwa kukata njia. Simama, salimia, ngoja aivute. Vibakuli vyao vina funza na unga wenye harufu ambayo mbwa hawezi kuipuuza, na mara nyingine kuna ndoano chini kwenye nyasi. Bata maji mwenye makinda naye atatoka majini kukufuata.

Kwenye malisho ya kondoo mbwa hafunguliwi hata awe mtiifu vipi. Sheria ya mwaka 1953 inamfanya mwenye mbwa kuwa na hatia mbwa akiwasumbua mifugo, na mkulima ana haki zake. Mavi ya mbwa yaokote kwa mfuko na uupeleke mpaka kwenye pipa. Usiutundike kwenye kichaka, usiutupe majini, na usiutie kwenye choo cha boti.

Baa nyingi za kando ya mfereji hukaribisha mbwa, na huweka bakuli la maji mlangoni. Uliza kwanza, maana mara nyingine ni upande wa baa tu, si wa meza za chakula.

Usiku, joto na baridi

Kwenye ukingo wenye njia ya kando unaweza kufunga boti kwa siku 14 isipokuwa pameandikwa vingine. Sehemu zinazopendwa mara nyingi ni saa 48. Vigingi vya chuma vifungie kitambaa cheupe watu wasijikwae, na kamba ya mbwa isikate njia.

Wakati wa joto boti ya chuma inageuka tanuri. Tafuta kivuli cha miti kabla ya saa sita, fungua milango pande zote mbili, na usimwache mbwa peke yake ndani. Maji yakiwa na utando wa kijani au buluu kama rangi iliyomwagwa, mzuie kabisa kuogelea na kunywa. Mwani huo una sumu inayoweza kumuua mbwa haraka sana. Mnyweshe maji ya tangi, na tangi lijazwe kila mnapopita bomba.

Majira ya baridi jiko la makaa huwaka usiku kucha na mbwa hulala mbele yake. Weka kizuizi, na hakikisha kitambuzi cha kaboni monoksidi kinalia ukikibonyeza. Kimekuwa sharti la usalama wa boti tangu Aprili 2019. Gesi hiyo haina harufu, hivyo usimtegemee mbwa akuamshe.

Matope ni vita ya kila siku. Weka beseni na taulo mlangoni, mguu mmoja mmoja, na usimruhusu apite mpaka wa nne umekauka.

Siku ya kurudisha boti iliyokodiwa, fagia manyoya usiku wa kuamkia, si asubuhi. Kampuni hutaka boti mapema, kwa kawaida saa tatu, na manyoya yaliyo kwenye kochi na chini ya ngazi ndiyo wanayotoza faini ya usafi. Mtembeze mbwa kabla ya kuanza kufungasha, kisha mfunge nje mbali na maji na bakuli lake la maji, mpaka begi la mwisho limeingia kwenye gari.